Nilinyoosha Ukuta Uliokuwa Unaanguka

Mpendwa Masi, mama mdogo wa wasomaji wote wa gazeti lako, nisaidie kabla sijafuta kitu ambacho nikishakifuta hakirudi, na tafadhali usinionee huruma upesi, maana bado sijakwambia nilichofanya.

Mimi ni mpiga picha wa majengo hapa mji mkongwe, Ahmedabad, nina miaka arobaini na mmoja, na kazi hii niliirithi kwa baba yangu mdogo, Rasik, aliyekuwa na kamera kubwa ya mbao ya kujifunika kitambaa kichwani, na alinifundisha kwa makofi kwamba nguzo lazima zisimame wima kwenye picha, kwa sababu ukiinua kamera kuitazama nyumba ndefu kutoka chini, kuta zote huinamiana huko juu kama walevi wawili wanaosindikizana, na mteja akiona nyumba yake imelala atasema mlevi ni mpiga picha. "Kwenye picha yangu nyumba haianguki," ndivyo alivyokuwa akijisifu, na mimi nikalishika neno hilo kama dini. Siku hizi hatuna kamera ya mbao, tunanyoosha kwenye kompyuta, unavuta pembe ya juu, unavuta ya chini, ukuta unasimama, halafu unakata pembeni kila kinachovunja mistari, waya, ndoo, pikipiki, mpaka jicho la mtazamaji likiingia liteleze lenyewe hadi mwisho wa kichochoro. Sijisifu, Masi, nakueleza tu jinsi mkono wangu ulivyozoea, unafanya kabla sijafikiri.

Februari mwaka huu ofisi moja inayoshughulikia nyumba kongwe ilinipa kazi ya kupiga picha nyumba arobaini za mtaa wetu, ili wajue ipi itengenezwe kabla ya mvua na ipi isubiri. Ya kumi na saba ilikuwa nyumba ya Dahiba, mjane ambaye mtaa mzima tulimwita Ba, yaani mama, aliyeishi na mkwewe Hansa, mke wa mwanawe Kirit, na Kirit mwenyewe alikuwa kazini mji mwingine tangu mwaka jana. Ghorofa tatu, nguzo za mtiki zilizochongwa kasuku, na upande wa kushoto uwazi mtupu, maana jirani aliivunja yake mwaka juzi, na unajua nyumba zetu zinavyoshikana mabega, ukiondoa moja ya pili haina pa kuegemea. Fundi mwashi wao, mzee Nizam, alikuwa ameuwekea ukuta huo mhimili tangu Januari, mianzi mitatu minene iliyofungwa kamba, imekitwa chini na kuusukuma ukuta kwa juu.

Nilipiga picha mgongo wangu umebanwa na ukuta wa nyumba ya mkabala, maana kichochoro kile ng'ombe wawili hawapishani, nikamwomba Ba asimame barazani ili watu wajue ukubwa wa mlango.

"We mtoto wa Rasik, mara ya kumi hii! Unapiga nyumba au unanitafutia mchumba?"

"Ukitulia, Ba, nakuoa mimi."

"Na hilo tumbo? Nenda kalipunguze kwanza, ndiyo ulete posa."

Basi nikacheka, nikapiga, na Masi, tangu nishike kamera sijawahi kupata picha kama ile, mfereji, madirisha, roshani, mistari yote inakimbilia kwenye kimlango cha hekalu kule mwisho, isipokuwa ile mianzi ilikatiza upande wa kushoto kama kovu. Nyumbani nikanyoosha. Ukuta ulikuwa umeinama kuliko kawaida, naapa nilidhani ni lenzi, lenzi pana hufanya hivyo, nikavuta mpaka ukasimama kama askari, kisha nikakata ile mianzi, nikapeleka. Mhandisi wa ofisi alitakiwa apite mwenyewe nyumba kwa nyumba, hakupita, wakakaa mezani na picha zangu, wakaandika: namba kumi na saba imesimama vizuri, isubiri mwakani. Picha yenyewe ikaenda kwenye maonyesho, ikawa ya kwanza, ikatiwa kwenye kalenda, na jaji akasifu mno mkono wa Ba ulionyooshwa hadi ukingoni mwa picha, akasema huo ni mkono wa mji wetu unaomkaribisha mgeni.

Julai, siku ya tatu ya mvua, saa nne asubuhi, ukuta ukashuka. Ba na Hansa walikuwa ndani wanachagua dengu. Kirit alikuwa kazini.

Mashine ilizoa kifusi chote, mianzi na kila kitu, haikubaki hata kamba ya ushahidi, majirani wakaogopa mambo ya mahakama, na ofisi na polisi wakatafuta wa kulaumiwa, wakampata fundi Nizam, kwamba hakuweka mhimili wowote, au aliuweka akauondoa kwenda kuutumia kwingine, na ripoti imeandika kwamba picha ya Februari haionyeshi mhimili, kwa hiyo mzee ni mwongo. Picha yangu, Masi. Siku polisi walipomtoa kwake kumpandisha gari nilikuwa pale na mwavuli wangu.

"Kirit mwanangu, niliweka! Wallahi niliweka kwa mikono hii!"

"Picha inasema uongo? Eh? Miaka ishirini unakula kwetu, mama yangu anakukaangia kwa mkono wake, halafu unamnyima mianzi mitatu?"

Akamtemea mate miguuni. Mzee akatazama yale mate, akapanda gari mwenyewe. Mimi nikageuka na mwavuli wangu, nikaenda nyumbani.

Kesi inaanza Alhamisi. Picha nzima, ile ambayo haijanyooshwa wala kukatwa, ninayo kwenye kadi ya kamera, ndani ya kopo la viungo. Mke wangu Nayna anasema ifute, waliokufa hawarudi na sisi tuna watoto wawili wanaohitaji jina la baba yao. Baba mdogo Rasik anasema kukata ni haki ya mpiga picha tangu zamani, kosa ni la aliyesoma picha vibaya. Mimi nimefikiria kuipeleka kimyakimya, bila jina, niiache mlangoni kwa wakili. Kirit amehamia chumba cha kupanga, ametundika ile kalenda na kuivika shada la maua, ndiyo picha ya mwisho ya mama yake, na nikienda kumpa pole ananionyesha, "Ona, bado anakukaribisha," halafu ananiwekea chai.

Na sasa lile nililokuwa nalizunguka. Ba hakuwa anamkaribisha mtu. Alikuwa anaonyesha mhimili. Aliniambia, "Usiniachie huu mwanzi nje ya picha, sikia? Wauone, wajue nyumba inaumwa." Nikajibu, "Ndiyo, Ba." Kisha nikamkata kwenye kifundo cha mkono, palepale mistari ilipopendeza.

Nifanyeje?

Mnyoosha Kuta

MASI ANAJIBU

Mnyoosha Kuta, umeniandikia ukurasa mzima wa lenzi, kamera ya mbao na walevi wanaosindikizana, na maneno ya Ba ukayasukuma mwisho kabisa wa barua, mahali ambapo mtu mvivu asingefika. Hata unapoungama unapanga picha. Acha.

Nakuonea huruma, usidhani sina moyo. Mtu aliyefundishwa kwa makofi kwamba nyumba haianguki hujikuta siku moja haoni nyumba inayoanguka. Hilo la kunyoosha nimelikubali, mkono ulizoea. Na yule mhandisi aliyeshindwa kutembea vichochoro viwili ana dhambi yake, na ana bahati barua hii si yake. Lakini mwanzi ule hukuukata kwa mazoea. Uliambiwa kwa mdomo, ukajibu kwa mdomo, ukakata. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Wewe uliuziba kwenye kompyuta, na watu wakaenda kulala ndani yake.

Unataka nikuambie kwamba ofisi ingeuona mwanzi ingekuja kutengeneza? Sijui. Huenda wangeuona, wakanywa chai yao, wakaendelea. Hutajua maisha yako yote, na dawa yake sina. Ba na Hansa siwezi kukurudishia. Nizam bado yuko hai, amekaa sakafuni mahabusu kwa ajili ya picha yako, basi tushughulike na Nizam.

Usifute. Nayna ana haki ya kuogopa, lakini mwambie hivi kutoka kwangu: jina la baba linaloishi ndani ya kopo la viungo litaota ukungu, na watoto wana pua. Na Rasik mwambie kukata ni haki ya mpiga picha mpaka pale aliye ndani ya picha aliposema usikate.

Habari ya kuiacha mlangoni bila jina, hapana. Picha isiyo na mwenyewe wataiita ya kughushi, na mzee ataonekana mwongo mara ya pili. Lazima iende na mdomo wako. Toa kadi yenyewe, usiifungue nyumbani, usiiguse na hiyo kompyuta yako yenye kiherehere. Mpe wakili wa Nizam mkononi mbele ya watu wawili, akuandikie kwamba amepokea. Alhamisi simama mahakamani, useme siku, saa, ulivyonyoosha, ulichokata, na ulichoambiwa na Ba, neno kwa neno. Wakikuuliza kwa nini, usiwafundishe habari ya mistari. Sema ilipendeza. Zawadi ya maonyesho irudishe. Huenda hutapata tena kazi katika mji huu, huenda kesi ikageuka ikakukalia wewe. Ndivyo itakavyokuwa.

Lakini kabla ya wakili na kabla ya hakimu, nenda kwa Kirit. Usiende na mkeo, usiende na peremende. Chapishia dukani, moja kwa moja kutoka kwenye kadi, picha nzima, kubwa, jinsi ilivyotoka kwenye kamera, ukuta umeinama, waya, ndoo, mianzi na kamba zake. Akikupiga, weka mikono yako chini. Akilia, usimshike. Halafu akikuuliza nani amkabili Nizam kuhusu yale mate, mwambie hilo ni lake, utamsindikiza akitaka.

Mhariri wangu aliniomba nipunguze barua yako ili tangazo la sari lipate nafasi. Nimemwambia atoe tangazo. Inachapwa nzima Jumatano asubuhi, na majina sikuyabadili, kwa kuwa kuna mtu mahabusu. Majibu haya nimekutumia kwa mkono leo Jumatatu, kwa hiyo una siku mbili za kufika kwa Kirit kabla ya muuza magazeti. Usipofika, atasoma habari ya mkono wa mama yake kwenye karatasi hii, akiwa peke yake, chini ya ile kalenda.

Nenda ukamrudishie Ba mkono wake. Alikuwa hajamaliza kuonyesha.