Boksi la Besi Nililolibeba Miaka Sita

Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, Endasak. Ukungu umeshuka kutoka mlimani tangu saa nane na baridi imeingia mpaka kwenye mifupa. Lakini siyo baridi iliyonikalisha hapa kwenye kigoda nikiandika kwa kidole kimoja. Nimeshtuka. Nimeshtuka mpaka nimesahau kufungia kuku, na ndiyo kazi pekee ninayoaminiwa hapa nyumbani.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni mwalimu wa hesabu, Msukuma, nilipangiwa kazi huku Hanang miaka minane iliyopita nikaoa hukuhuku. Mke wangu Paskalina ni Mwiraqw wa Dongobesh. Napiga gitaa la besi kwenye kwaya ya kanisa, na kwaya yetu inaalikwa sana: harusi, sendofu, kipaimara, leo Gendabi, wiki ijayo upande wa Mbulu.

Kila tunakoalikwa, besi inakwenda na boksi lake la spika. Ni boksi kubwa la mninga, spika yake ya inchi kumi na tano, na lilitengenezwa na Mzee Tluway, fundi seremala aliyepiga besi kabla yangu mpaka vidole vikakakamaa. Nimelibeba miaka sita, peke yangu. Nililifungia mikanda ya ngozi nikawa nalipandisha mgongoni kama gunia la mahindi, maana harusi za huku gari linaishia barabarani na nyumba iko juu, kule unakoona moshi.

Sasa niungame. Tangu mwezi wa pili mguu wangu wa kushoto unakufa ganzi. Nilikwenda hospitali kimyakimya. Daktari akatazama picha ya mgongo, akauliza huwa nabeba nini, nikamweleza. Akasema nikiendelea na mzigo huo, safari nyingine nitaletwa nimebebwa mimi. Kwa hiyo ama nipate spika nyepesi inayotosha harusi ya uwanjani, ama niache besi.

Kuacha besi siwezi hata kufikiria nikiwa nimeketi vizuri.

Paskalina sikumwambia. Na kwaya niliidanganya. Nilisimama kwenye kikao nikasema boksi limechoka, linakoroma, sauti imepasuka. Mzee Tluway alikuwa ameketi nyuma. Aliinama akaanza kuigeuzageuza kofia yake mikononi, nami nikaendelea kusema. Kwaya ikakubali tununue jipya, na mwenyekiti akanitupia: chagua wewe, mwalimu, wewe ndiye unajua mambo hayo.

Mwenye duka mmoja wa Katesh akaniachia seti mbili nizijaribu hadi Jumatatu. Ya kwanza ni ampu na spika katika boksi moja, kilo kumi na moja tu. Nilipolinyanyua nilitaka kucheka. Jana nikalipeleka uwanja wa kanisa, nikamwomba Yohana, mpiga kinanda wetu, anigongee uzi mnene taratibu huku mimi narudi nyuma nikihesabu hatua. Sebuleni lilikuwa linanguruma vizuri. Uwanjani, hatua ya thelathini, upepo ukaimeza besi yote, ikabaki kama simu inayolia ndani ya sufuria. Harusi ya huku ina watu mia nne na wote wanataka kucheza. Hapana.

Seti ya pili, ampu na boksi vimetengana. Ampu ni ndogo, inaingia kwenye mkoba wangu wa madaftari na nafasi inabaki. Boksi lina spika moja ya inchi kumi na mbili, sumaku yake ni ya aina mpya nyepesi, na mbao zake ni plaiwudi nyembamba iliyokazwa vizuri. Kilo kumi na nne. Yohana akagonga uzi uleule, nikarudi nyuma mpaka getini, na bado niliisikia kifuani. Nilisimama pale getini nikishukuru peke yangu. Yohana alidhani nasali.

Likabaki swali moja la kifundi. Ampu ile inatoa nguvu zake zote ikiwa imeunganishwa na spika mbili. Nikawaza: kwa harusi kubwa, hili jipya liunganishwe na la zamani, na la zamani lipelekwe pale tu ambapo gari linafika. Ila lazima ujue spika ina omu ngapi, yaani kipimo cha ukinzani wake wa umeme, ukikosea unaunguza ampu, na namba hiyo imeandikwa mgongoni mwa spika, kwa ndani. Boksi la zamani nilikuwa nimelibeba kutoka kanisani Jumapili, kwa mara ya mwisho, nikajiambia. Leo nilipotoka shule nikachukua bisibisi nikafungua mgongo wake.

Ndani kulikuwa na mawe.

Naandika tena ili niamini. Mawe. Saba, yamefungwa kwenye magunia, yamebanwa sakafuni kwa vipande vya mbao vilivyopigwa randa safi kabisa, kazi ya fundi. Moja lilikuwa nusu ya jiwe la kusagia. Nilikaa chini. Kisha nikayapakia kwenye toroli nikayasukuma mpaka duka la mazao, yakapimwa kwenye mizani ya maharage: kilo thelathini na mbili. Muuzaji akaniuliza nauza bei gani.

Hasira iliyonipanda sijawahi kuiona. Nikashika njia kwenda kwa Mzee Tluway, mwendo wa dakika ishirini kupanda, mimi na mguu wangu. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Hasira haivunji adabu, nikamwamkia. Shikamoo mzee. Marahaba mwalimu, karibu kiti. Nikakataa kiti, nikamwambia nimefungua boksi, nimekuta mawe.

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kuwa ng'ombe ana mkia.

"Ndiyo," akasema. "Niliyaweka mimi. Kwani ulikuwa hujui?"

Ikabidi nikubali kiti. Akanieleza polepole, huku anaendelea na mahindi yake. Boksi lilipokuwa jipya lilikuwa jepesi kiasi cha mtu mmoja kulipakia kwenye pikipiki. Basi kila mwenye sherehe akawa anakuja kulichukua, halafu jirani yake, halafu shemeji wa jirani. Mara moja lilizunguka mwezi mzima na likarudi spika imechanika. Kwaya ikakaa ikaamua liongezwe uzito, ili lisitoke kanisani mpaka watu wawili wakubaliane kulibeba. "Ndiyo maana nikaweka vishikio viwili, kila upande kimoja," akasema. "Wewe ukaja ukaweka mikanda."

Nikauliza nani mwingine anajua. Akasema wote. Hata akina mama wa sauti ya kwanza. Hata Yohana.

Wote!

Walidhani najua. Siku yangu ya kwanza vijana wawili wa sauti ya tatu walikuja wakashika vishikio, nami nikawaambia niachieni, sisi Wasukuma tumezoea. Niliyasema hayo kwa mdomo wangu, nakumbuka na shati nililovaa. Wakaniachia. Mzee anasema miaka yote hii wanasimuliana huko Gendabi juu ya mwalimu anayebeba mawe ya kwaya kwa kupenda. Wengine wanasema ni nadhiri.

Nikajikuta nimesema lile lililonikaa kooni tangu siku ya kikao. Nikamwambia, mzee, nisamehe, boksi lako halikoromi. Akajibu, "Najua. Nimelitengeneza mimi." Kisha akaweka gunzi chini, akauliza mguu umeanza lini.

Sikuwa nimetaja mguu.

Nikamwuliza ameambiwa na nani. Akafuta mikono kwenye suruali. Akasema Paskalina alikuja kwake mwezi uliopita, akasimama palepale nilipokuwa nimesimama mimi, akauliza kama yale mawe yanaweza kutolewa, moja moja, kila wiki moja, mimi nisigundue. "Nikamwambia mawe ni ya kwaya, siwezi kuyatoa kwa siri. Nikamwambia akuambie mwenyewe. Akasema ukijua utaona aibu, na ukishaona aibu utabeba hata mlima."

Sikumbuki nimeagaje. Nimeshuka ile njia nimeshika miti.

Kuchagua nimeshachagua: ile ampu ndogo na boksi la kilo kumi na nne, na Jumamosi nitasimama mbele ya kwaya niseme sababu ya kweli, wakitaka kucheka wacheke. Hilo naliweza. Lakini tangu nirudi nimekaa hapa nje najifanya nina kazi kwenye simu, na mwanamke ambaye kwa miezi yote hii ananitazama nikiburuza mguu kwenda kitandani, huku mimi nikimwambia ni viatu, yuko jikoni. Kuku amewafungia yeye. Hajaniuliza nilikokwenda wala toroli lilibeba nini. Hivi ni mara ngapi ameniuliza kitu kwa kunyamaza hivi, nami nikajiona nimemficha?

Ameita chakula, mara ya pili sasa. Naweka simu chini, naingia. Nitaanza na mguu.