Lea wa Macho Dhaifu

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Mama, nimeolewa! Nakuandikia mezani kwangu, jamani, mezani kwetu, huku Kisarawe, na Elia yuko jikoni anaunguza chapati huku anaimba. Leo siku ya kumi na moja tangu harusi na moyo wangu bado unapiga vigelegele.

Nina la kukuungamia. Nilipokutana na Elia nilimwambia naitwa Lilian. Unajua kwa nini. Tangu nisome kwenye Biblia habari za Lea, yule dada aliyefichwa chini ya shela akapewa Yakobo, na Yakobo mwenyewe anamtaka Raheli, mdogo wa Lea, nililichukia jina langu. Mke asiyependwa! Mara ngapi nilikuuliza kwa nini hukuniita Raheli, nawe ukacheka tu: "Ukikua nitakwambia." Nikakua, Mama. Wewe ukaondoka.

Kwenye mafundisho ya ndoa mchungaji akataka cheti cha ubatizo, siri ikatoka. Tena akatueleza kwamba kwa Kiebrania Lea ni "aliyechoka", na wako wanaosema ni "ng'ombe jike". Nilitamani ardhi inimeze. Elia akasema, "Basi maziwa ya chai tumepata." Nilicheka huku nalia. Kumbe ulinichoka tangu siku ya kwanza?

Mama mdogo ndiye aliyenijibu, siku ya kuniaga pale nyumbani Tangini. Alisema nilizaliwa macho yamevimba, siku nne hayafunguki, ndugu wakaanza kunong'ona. Wewe ukanikumbatia ukasema, "Huyu ni Lea. Macho yake dhaifu kama ya yule. Watu hawakumtazama, Mungu akamtazama. Na mimi huyu nitamtazama."

Mama! Miaka yote hiyo nimetembea na ahadi yako, nikaiona aibu.

Sasa sikia. Siku ya harusi mpambaji alininyang'anya miwani, eti inaharibu sura ya bibi harusi. Nikaingia kanisani chini ya shela, sioni kitu. Bwana harusi alikuwa ukungu uliovaa suti! Nilimng'ang'ania mjomba nisije nikasimama kwa msimamizi. Elia akafunua shela, akaninong'oneza, "Nahakikisha sijabadilishiwa." Kisha akatoa miwani yangu mfukoni, kumbe alikwenda kuidai mwenyewe, akanivisha taratibu mbele ya kanisa zima.

Nikamwona. Alikuwa analia.

Zamu yangu ya kuapa ilipofika nikasema, "Mimi, Lea," kwa sauti hadi waliokuwa nje wakashangilia.

Jumamosi tunakuja Kibaha, tupalilie kaburi lako na Elia akuamkie mwenyewe. Pumzika, Mama. Ulichoka sana kwa ajili yangu, na hukunichoka. Nami nakuahidi hivi: Mungu akinijalia mtoto, nitamnong'oneza maana ya jina lake siku ileile atakapozaliwa. Sitasubiri akue.

Mwanao unayemtazama,
Lea