Bomba Ulilorudisha Koponi

Baba Nyangi,

Ugali uko kwenye hotpoti. Ndama hawajanyweshwa. Nampeleka Nyangi hospitali.

Asubuhi nimesukuma maji ya chumvi kwenye mpira wake wa kifuani, ule wa dawa za saratani, ili usizibe. Nimeshamaliza ndipo nikaona vitone vinang'aa ndani ya bomba la sindano. Zebaki yako ya kukamatia dhahabu! Kumbe jana uliivuta kwa bomba la mtoto, kisha ukalirudisha kwenye kopo lake?

Nesi alituambia wote wawili: mpira ule unafika mlangoni mwa moyo.

~~Usitufuate.~~ Njoo na chupa ya zebaki, daktari aione.

Bodaboda anapiga honi. Nyangi anakohoa, na bado anauliza kama baba amepata dhahabu.

Mama Nyangi