Maharage Bila Moshi

Misunkumilo, Mpanda
4 Mei 1976

Dada yangu Vénérande,

Salamu hizi zikukute umeketi, siyo umeinama shambani kama kawaida yako. Mimi mzima, ila jino la nyuma linanifanya nile upande mmoja. Séverine kikohozi kimemwacha? Mwambie mama mdogo wake wa mjini anamkumbuka.

Kazi yangu ya Bibi Maendeleo imegeuka. Tangu nihame kutoka huko kwenu, makazini kwa wakimbizi, sasa ni kufundisha kubana kuni tu, asubuhi mpaka jioni. Mafuta ya taa yamepanda, na ofisini wanasema kitu kinachochimbwa ardhini kikiisha kimeisha. Mti angalau unachipua, lakini mabani ya kukaushia tumbaku yanakula miti haraka kuliko inavyochipua. Kina mama wa Kasokola wanatembea tangu alfajiri kutafuta mzigo mmoja. Basi nikakukumbuka wewe. Miaka miwili tumekaa jirani, sijawahi kuona moshi nyumbani kwako mchana, na maharage yako yanaiva kuliko yangu! Lile kapu lako linafanyaje kazi? Niandikie yote.

Mdogo wako,
Romana

Makazini
19 Mei 1976

Mdogo wangu Romana,

Tumefurahi na barua, Séverine ameinusa eti ina harufu ya mjini. Kikohozi kimepungua. Jino hilo ling'oe, usiliogope.

Kapu ni rahisi. Maharage yalale kwenye maji usiku. Alfajiri, kabla watu hawajaamka, unachemsha kwa vijiti vikavu kabisa, vyembamba kama kidole. Chungu kikishachemka sana unakiepua, unafunika, unakizamisha kwenye kapu lenye nyasi kavu na matambara, mto juu. Usifunue. Jioni yameiva, bado ya moto.

Wafundishe. Ila jina langu usiliandike popote, nakuomba.

Dada yako,
Vénérande

Misunkumilo
1 Julai 1976

Dada Vénérande,

Mko salama nyie? Mimi jino nimeling'oa, sasa natabasamu nusu.

Ee dada, usinune. Jina lako nilikuwa nimeshaliandika. Nilipeleka ripoti, bwana mkubwa akaisoma mara mbili, akasema mama huyu anatumia kuni robo ya wenzake, twende tukamwone! Ijumaa tarehe 23 tunakuja na lori la ofisi, mabwana shamba wanne na mpiga picha. Nakujua unavyoona haya, lakini safari hii hujifichi. Vaa kile kitenge cha kijani. Utakuwa mwalimu wa wilaya nzima, nami nitapiga vigelegele mpaka nikauke koo.

Mdogo wako mwenye furaha,
Romana

Makazini
12 Julai 1976

Romana,

Mtoto mzima. Mimi silali.

Wazuie hao watu. Nakuambia jambo ambalo hata kwa padri sijalisema. Mwaka sabini na mbili, kule kwetu karibu na Rumonge, kabla hatujakimbilia huku, tuliwakimbia askari tukajificha kwenye mafunjo kandokando ya ziwa siku tisa. Mimi, mume wangu Antoni, Séverine, na Méthode wa miaka minne. Antoni alisema tusiwashe moto. Méthode alilia njaa siku nzima, nikashindwa. Antoni alipolala nikachemsha maharage mchana, kwa kuni mbichi. Moshi ukasimama juu ya mafunjo. Nikaenda ziwani kuchota maji, Séverine mgongoni. Nikasikia lori. Wanaume wa nguo za kaki wakashuka na bunduki, wakaufuata moshi mpaka kwa Antoni na Méthode.

Maharage yalikuwa hayajaiva.

Mimi siokoi kuni, Romana. Sikuwahi kuokoa kuni. Naogopa moshi, basi. Zuia lori hilo.

Dada yako,
Vénérande

Misunkumilo
27 Julai 1976

Dada yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Barua yako ya tarehe 12 imenifikia jana. Jana! Ijumaa nilikuwa nimekaa mbele ya lori, naimba.

Tulipokunja kona kuingia kwenu niliona mlango uko wazi. Mabwana shamba wakaruka chini na kaki zao, wakicheka, mmoja akaingia ndani kutafuta kapu. Hapakuwa na mtu, wala kapu, wala chungu. Jirani yako Skolastika anasema uliposikia injini ulimnyakua Séverine ukapita shamba la mahindi kuelekea porini. Ulibeba kapu kichwani na mfuko wa maharage. Nilikuita mpaka jua likazama.

Barua hii namtumia Skolastika akutunzie. Ukirudi uisome kabla ya kitu kingine chochote. Walikuwa watu wa mbegu na mbolea. Hawana bunduki. Nisamehe, dada. Nilikuona mwerevu, sikujua kuwa ni hofu.

Romana

Makazini
12 Agosti 1976

Dada Vénérande,

Kama mnapumua, Mungu ashukuriwe. Barua hii anaichukua mzee Lyamba, mrina asali. Atawaachia ndani ya mzinga wake ulio karibu na kijito, pamoja na penseli, na kitambaa nje yake mkione.

Nimehamia kwa Skolastika, na watu wamewatafuta wiki tatu. Wanapanda vichuguu, wanaangalia moshi. Ndivyo mtu anavyotafutwa porini hapa, kwa moshi wake. Wewe huna moshi. Juzi Lyamba alikuta kapu chini ya mti, akatia mkono. Maharage yalikuwa ya moto. Moto hakuna, jivu hakuna, watu hakuna. Mzee wa watu alikimbia, anasema ni chakula cha mizimu. Mimi nililia, nikajua uko hai.

Siku hizi nami nikiinjika chungu mchana nasikia lori. Naenda dirishani, barabara tupu.

Nakuapia kwa jina la mama yangu, hakuna anayewinda mtu huku. Washa moto, dada. Mchana, kuni mbichi, moshi mkubwa. Popote tutakapouona tutakuja, mimi nikiwa mbele.

Mdogo wako,
Romana

(nyuma ya karatasi hiyohiyo, kwa penseli)

Mdogo wangu Romana,

Siku sizijui, nahesabu Jumapili. Ya tano ilikuwa jana. Wewe u mzima?

Lyamba alipotia mkono kapuni tulikuwa nyuma ya kichuguu. Nilimziba Séverine mdomo. Niliziba kwa nguvu sana, Romana.

Maharage yameisha, tunaokota mbula, matunda ya porini. Séverine ana homa siku nne, haniiti tena mama, ananiita Antoni. Mguu wangu una mwiba, umevimba, kumbeba siwezi. Barua hii nimeileta mzingani kwa kutambaa nusu siku, naye amelala peke yake.

Nimekubali. Tuko kwenye mwamba mweupe, juu ya kijito, upande wa machweo. Nikifika nawasha moto mchana, na majani mabichi juu yake. Nitakaa kando yake hata nikitetemeka. Sitaukimbia. Mkija msije na lori. Uite jina langu kwa sauti yako.

Njoo.

Dada yako,
Vénérande

Makazini
14 Septemba 1976

Dada yangu,

Lyamba alikuwa hajapita kwenye mizinga hadi leo, moto ulimzuia. Pori lote linawaka, wawindaji na wafungua mashamba wamechoma pande zote, na tangu mwisho wa Agosti ukisimama kichuguuni unaona moshi kumi, ishirini. Tumeutazama wote kila siku. Hatukujua upi ni wako.

Karatasi yako nimeipata sasa hivi. Jumapili yako ya tano ilikuwa tarehe 22 Agosti, zaidi ya wiki tatu zilizopita. Nimehesabu kwa vidole, nikarudia, nikamwomba Skolastika ahesabu.

Tunaondoka kwa miguu, mimi, Lyamba na Skolastika, na uji kwenye chupa. Barua hii naibeba mwenyewe, naiandika Skolastika akijaza chupa. Nitaliita jina lako njia nzima.

Usizime, dada. Usizime.

Mdogo wako,
Romana