Mgagani wa Pasaka

Ijumaa, Bugarama

Maziwa! Kati ya vitu vyote, maziwa.

Kikundi chetu cha maombi kimeamua kula Pasaka kama Yesu mwenyewe alivyoila: kondoo, chapati zisizo na hamira, na mboga chungu ya kukumbuka utumwa wa Misri. Mboga chungu huku kwetu ni mgagani, hakuna ubishi. Nikamwomba mama mkwe, ambaye namwita Mayu, yaani mama, auchemshe tu wakati mimi nakanda unga. Kugeuka, ameshaumiminia maziwa kuukata uchungu, kama Msukuma yeyote anayejiheshimu.

"Mayu, mgagani ulitakiwa uwe mchungu!" Sauti ilinipanda, nakiri.

"Niwape wageni mgagani mchungu? Watanisema mpaka Kahama."

Nikamweleza habari za Misri, viboko na matofali. Nilikuwa na hofu, maana tangu nianze kuwasha mishumaa kila Ijumaa jioni kuikaribisha Sabato, kama Wayahudi, anauliza watu kanisani kwake kama nimemwacha Yesu. Na mume wangu hanitetei. Anasema yeye ni mtu wa machimbo, mambo ya dini tumalizane wenyewe.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Na hao watu, Mungu aliwatoa?"

"Aliwatoa."

"Na wewe, Yesu amekutoa?"

"Amenitoa, Mayu."

"Sasa uchungu wa nini?" Akaongeza maziwa.

Nilikuwa na aya za kumjibu. Bado ninazo. Lakini sahani yangu niliipangusa yote, kwa ile chapati isiyo na hamira.