Kibaba cha Tatu

Kijiji cha Oulad Messaoud,
Sidi Bennour,
9 Aprili 2018

Mpendwa mdogo wangu Larbi,

Assalamu alaikum. U hali gani huko Lyon, na shemeji Souad, na watoto? Mgongo wako je? Mama anataka kujua kama bado unaendesha lori umekalia ule mto aliokushonea, au umeuficha kwa kuwaonea haya Wafaransa. Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi. Mama anasumbuliwa na goti. Ulimi wake haujambo kabisa. Mimi nimezidi kunenepa. Ule mkanda wa marehemu Baba niliorithi kwa fahari, sasa tunatazamana tu, yeye ukutani na mimi kitandani.

Mvua zimetupendelea mwaka huu. Ngano imefika kiunoni, na mizeituni imeanza kutoa maua. Soma mistari hii polepole, ndugu yangu, maana habari njema zimeishia hapa.

Nataka kukueleza juu ya Zerwal, farasi uliyeachiwa na Baba. Barua hii nimeianza mara tatu, na mara mbili nimeishia kwenye salamu.

Unajua jinsi binti yangu Hajiba alivyojitolea kwake. Tangu vuli amekuwa akimtembeza kwenye shamba lililolimwa ili miguu ikaze, akimzoesha moshi wa baruti, akimsugua mpaka mimi mwenyewe naona wivu, maana sijawahi kusuguliwa hivyo na mtu. Chakula alikipima: vibaba viwili vya shayiri kwa siku na majani makavu, basi. Aliandika kwa chaki kwenye ukuta wa banda, VIBABA VIWILI, herufi kubwa kama za kuwaandikia vipofu.

Haya yote yalikuwa kwa ajili ya mashindano ya majira haya ya kuchipua, pale farasi kumi na tano wanapotoka mbio mstari mmoja na bunduki za wapandaji kulia kwa pamoja. Bwana Maati, mkuu wa kikosi chetu, baada ya kusukumwa sana alikubali Hajiba ashike nafasi ya Baba mstarini, ya tatu kutoka kulia. Nafasi hiyo ni yetu tangu miaka arobaini. Mimi niliishika misimu sita, mpaka farasi wakaanza kunilalamikia. Sharti lilikuwa moja: siku ya ufunguzi, Ijumaa ya tarehe ishirini, Hajiba awe juu ya Zerwal, na Zerwal awe tayari. La sivyo nafasi inakwenda kwa ukoo mwingine.

Sasa nisikilize. Mwezi uliopita nilimpitisha Zerwal kwenye soko la Jumanne, nikitaka asifiwe. Wale wazee wa pale penye chai wakamtazama, mmoja akaniita: "Bouchaib! Huyo farasi au baiskeli? Au chakula chake unakula wewe?"

Nikacheka nao. Lakini unawajua watu wetu: farasi wa mashindano awe mviringo, mkanda wa tandiko umbane, la sivyo wanasema kwenu kuna njaa. Neno lile likaniingia. Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, Hajiba hajaamka bado, nikampa Zerwal kibaba cha tatu. Kesho yake tena. Halafu nikaanza kumkatia na shayiri mbichi shambani, kwa kuwa Baba alikuwa akisema majani ya majira haya ni dawa. Baba alisema kiganja kimoja. Mimi nilikata mzigo.

Wiki mbili nzima. Aling'ara, Larbi! Alijaa kama tikiti. Hajiba akashangaa jinsi anavyonawiri, na mimi nikajikohoza tu.

Jumatano iliyopita Zerwal alikataa kutoka bandani. Alikuwa amesukuma miguu ya mbele mbali, uzito wote ameuegemeza nyuma, kama mtu aliyekanyaga makaa. Kwato zilikuwa za moto. Daktari wa mifugo alikuja, na Bwana Maati naye akafika na watu wawili.

"Anakula nini?" daktari akauliza.

"Vibaba viwili, daktari, na majani makavu," Hajiba akajibu.

"Binti, kwato haziwaki hivi kwa vibaba viwili."

"Wallahi, viwili!"

Daktari akanigeukia. Nilikuwa nimesimama na ndoo ya maji mkononi. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Labda ni hali ya hewa."

Bwana Maati alipokuwa akitoka aliugusa ule ukuta. "Niliwaambia mimi," akasema. "Farasi halelewi kwa chaki." Jioni ile ile nafasi yetu ikapewa Hamid wa akina Lahcen.

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yalikuja kama mama mkwe: yakafungua mizigo, yakakaa. Siku tatu sikuweza kumtazama mtoto machoni. Jumamosi nikamkuta bandani akimwagia Zerwal maji baridi kwatoni.

"Hajiba, aliyemzidishia ni mimi."

Hakuacha kumwagia. "Najua, Baba. Alhamisi nililifua joho lako. Mifuko imejaa punje."

"Mbona hukusema?"

"Ningewaambia nini? Kwamba baba yangu alisimama pale na ndoo?"

Nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Maati, nikawakuta wanaume wanakunywa chai, nikasema mbele yao kwamba kosa ni langu. Mmoja akaangua kicheko: "Bouchaib, kila unachokipenda unakishibisha, ukianzia na tumbo lako!" Nami nikacheka, Mungu anisamehe, kwa mazoea tu. Bwana Maati hakucheka. "Umefanya vizuri kusema," aliniambia. "Jina la binti limesafika. Lakini mstarini hasimami jina, anasimama farasi."

Daktari anasema mfupa ndani ya kwato umeteremka. Akipona ataweza kutembea uani, polepole; kukimbia, kamwe. Au amalizwe, apumzike. Farasi ni wako, kwa hiyo daktari anangoja neno lako. Hajiba anaomba aachwe. Mimi sina uso wa kuomba. Nikasirikie kadiri upendavyo, hata kwa simu, hata mbele ya Mama; ila Hajiba usimuulize kitu.

Jana alasiri kikosi kilifanya mazoezi kule uwanjani. Tulikuwa bandani tukisikia kwato zinakuja, zinakuja, halafu bunduki zote kumi na tano zikalia mlio mmoja, safi, bila hata moja kuchelewa. Zerwal akainua kichwa. Akajaribu kukusanya miguu yake ili aondoke. Hajiba akamziba masikio kwa viganja vyake na kumwambia, "Si sisi, Zerwal. Si sisi."

Mama anakusalimu, na mke wangu Fatna, na shangazi Rqia ambaye bado anasubiri picha ya mtoto. Msalimie Souad, uwabusu watoto vichwani. Mungu akupe barabara nyepesi na akurudishe kwetu salama. Nijibu upesi, hata kama ni neno moja.

Wako akupendaye, mwenye haya,
Kaka yako Bouchaib