Mama Mwansa Alikuja Kupima Madirisha

Jumamosi. Mawingu yamekaa juu ya Élisabethville tangu asubuhi, mvua yenyewe hapana. Sina moyo wa kuandika, lakini nisipoandika nitalia mbele ya watoto.

Mume wangu ameshushwa.

Alikuwa karani mkuu wa ghala la kampuni. Sasa ni karani wa chini, na baba Mwansa, aliyekuwa chini yake, amepandishwa. Kosa lake ni kwamba kwao ni Kasai. Tangu Katanga hii ijiite nchi, sisi watu wa Kasai ni wageni. Mimi nilizaliwa hapa hapa. Kasai sijaiona hata kwa dirisha la treni.

Kushusha. Neno hili nililitumia kwa chungu jikoni na kwa mizigo stesheni. Sikujua kwamba siku moja litamfaa baba wa watoto wangu.

Leo ilikuwa siku ya posho. Hapa kambini kwa kampuni wanawake tunapanga mstari kwa cheo cha waume zetu, na miguu yangu ikanipeleka mbele, kama ilivyozoea. Mgawaji wa unga akaniangalia, akasema polepole, "Mama, sasa nafasi yako iko kule nyuma." Nikarudi na kikapu changu. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Na nyumba nayo inafuata cheo. Mwisho wa mwezi tunahamia vyumba vya kule chini. Ndugu zetu wengine wamekwisha kupanda treni ya Kasai. Mume wangu anasema tuvumilie, itapita, lakini anasema hivyo akiangalia sahani. Mimi siamini tena. Wakianza kukushusha hawaachi, mpaka wakufikishe stesheni.

Mchana akaja Mama Mwansa. Huyu ni rafiki yangu. Nilipougua homa, ndiye aliyemnyonyesha mtoto wangu pamoja na wake. Alisimama mlangoni, kamba mkononi.

"Yaya, dada yangu, usinikasirikie. Bwana yangu ananituma. Minakuya kupima madirisha, juu ya kushona mapazia."

Nikamwambia aingie.

Kupima kwa kamba kunataka watu wawili. Nikashika ncha moja, yeye akashika nyingine, tukazunguka nyumba yote tukiangalia kamba tu. Mwishowe akauliza kama jua linaingia chumba cha watoto. Nikamwambia linaingia sana, anunue kitambaa kizito.

Kesho ni Jumapili. Kanisani nitakaa benchi gani?